Mti mkavu kando ya nyumba: lori livute, winchi ya mkono ivute, au mpandaji aukate vipande?

Mgrivea umekauka, umesimama mita sita kutoka ukuta wa jikoni, na umeinama kidogo upande wa nyumba. Jirani ana lori la zamani, kamba ipo, fundi wa chenso, msumeno wa injini, yupo mtaa wa pili. Wazo linalowajia wengi ni moja: tufunge juu, fundi akate chini, lori livute, saa sita tuwe tumemaliza. Njia hiyo inafanya kazi, na sisemi iachwe kabisa. Lakini lori hilohilo lina matumizi mengine ambayo nayaona bora zaidi, na ipo miti ambayo lori halipaswi kuisogelea. Nalinganisha hapa njia ambazo watu wa kwetu wanazo kweli.

Tuchukue mti mmoja wa mfano: mgrivea wa mita 15, unene wa sentimita 40 chini. Ni mti wa kawaida kuanzia Moshi na Lushoto hadi Kiambu na Meru. Asili yake ni Australia. Huku ulipandwa kuvipa kivuli kahawa na chai na kuonyesha mipaka ya shamba, kisha nyumba zikaja kujengwa pembeni yake. Saipresi iliyouawa na vidukari vilivyoingia Kenya mwaka 1990, au mkaratusi mkavu, hesabu zake hazitofautiani sana na hizi.

Ukavu unabadilisha nini

Mti mbichi ukikatwa vizuri huanguka ukiwa bado umeshikwa. Fundi hukata mdomo upande unaotakiwa kuangukia, kina chake kati ya sehemu moja ya tano na robo ya unene, kisha hukata kwa nyuma na kuacha ukanda wa mbao katikati. Ukanda huo ndio bawaba. Kwa mti wa sentimita 40, bawaba huwa na unene wa sentimita 4 hivi. Nyuzi mbichi hupinda, hulia polepole, na huuongoza mti karibu hadi ardhini.

Nyuzi kavu hazipindi, hukatika. Bawaba ya mti mkavu inaweza kukatika mti ukiwa umelala nusu tu, au hata kabla haujaanza kulala. Kuanzia hapo kinachouongoza ni uzito wake na kamba yako, basi. Fundi aliyezoea kuupeleka mti mbichi kulia au kushoto kwa kuacha bawaba nene upande mmoja asijaribu ufundi huo hapa.

Kabla chenso haijawashwa, gonga shina kwa kisogo cha shoka, kuanzia chini hadi kimo cha kichwa, ukizunguka pande zote. Mlio mkali na mkavu ni mbao nzima. Mlio wa ngoma ni uwazi ndani. Uyoga mgumu ulioota kwenye shina karibu na ardhi ni habari mbaya kuliko matawi makavu yote ya juu, maana unaonyesha kuwa kitako na mizizi vinaoza. Njia za udongo za mchwa zinazopanda shina zikwanguliwe uone kuna nini chini yake.

Kisha chenso ikiingia, mmoja wenu atazame unga unaotoka. Ukitoka kwa vipande vidogo vyenye rangi ya mbao, endeleeni. Ukitoka unga laini wa kahawia kama tumbaku, na msumeno ukaingia bila kusikia kazi, simamisheni hapohapo. Bawaba mnayodhani mnaiacha haipo.

Nyuki nao wasisahauliwe. Mti mkavu wenye tundu ni nyumba yao, na mlio wa chenso huwachokoza vibaya. Fundi hawezi kukimbia na msumeno unaozunguka, na dereva akishambuliwa ataruka kutoka kwenye lori lililo kwenye gia huku kamba imekaza. Utazame mti asubuhi jua likishapanda. Ukiona nyuki wanaingia na kutoka, kazi isimame hadi mrina asali awaondoe jioni.

Na matawi. Kugonga kabari nyuma ya mti mkavu ni kuutikisa mti wote hadi kileleni, na tawi kavu likidondoka kutoka mita kumi halimpi aliye chini nafasi ya kutazama juu. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nipende kamba kuliko kabari kwenye mti wa namna hii. Fundi anakata, anaondoka, na mti unavutwa hakuna mtu chini yake.

Nguvu inayotakiwa ni ndogo

Watu huchagua lori kwa sababu lina nguvu. Tupige hesabu. Tuseme mti wetu una kilo 1,000, na uzito wake umeegemea mita moja upande wa nyumba. Kamba ikifungwa mita 10 juu na kuvutwa kutoka umbali wa mita 30, mvuto wa kuusawazisha mti ni kilo 105 hivi. Kamba hiyohiyo ikifungwa mita 2 tu kutoka ardhini, mvuto unapanda hadi kilo 500, na hapo unavuta kitako zaidi kuliko mti. Kitako kinaweza kuteleza kutoka kwenye kisiki na kuja upande wako huku kilele kikirudi nyuma, juu ya bati.

Ongeza mara tatu kwa ajili ya upepo, ugumu wa bawaba na makosa ya kukadiria: bado ni kilo 300 na kitu, ukifunga juu. Lori la tani tatu lenye mzigo, kwenye ardhi kavu, linaweza kuvuta tani moja na nusu au zaidi kabla tairi hazijaanza kuteleza. Kwa hiyo nguvu unayo ya kutosha mara tano. Unachokosa ukiwa na lori ni namna ya kujua unavuta kiasi gani, namna ya kuongeza kidogo kidogo, na namna ya kusimama bila kulegeza.

Kufunga juu si lazima mtu apande, na mti mkavu usipandwe kwa ajili ya kufunga kamba. Tupa uzi mwembamba wenye kifuko cha mchanga juu ya panda ya tawi, tumia uzi huo kuvuta kamba nene, halafu tengeneza kitanzi kinachojikaza kwenye shina. Kabla ya kuuamini mkazo huo, watu wawili wauvute kutoka mbali kwa mikono. Panda ikikatika kwa mikono ya watu wawili, bora ikatike sasa.

Lori likivuta lenyewe

Faida yake ni ya kweli. Mti ukishaanza kwenda, lori linaendelea kuufuata, kamba hailegei, na bawaba ikikatika mapema bado kuna kitu kinachouvuta upande unaoutaka. Winchi haina mwendo huo. Kwenye shamba la wazi, ardhi kavu na tambarare, dereva mzoefu na lori lenye klachi nzuri, mti uliosimama wima unaweza kuangushwa hivi bila wasiwasi mkubwa.

Shida ya kwanza ni nafasi. Mtu yeyote asiye na kazi kwenye mti awe umbali wa mara mbili ya urefu wake, na dereva naye ni mtu. Kwa mti wa mita 15, lori liwe mita 30 nje. Kamba kutoka mita 10 juu hadi hapo ni karibu mita 32 kabla hujahesabu mafundo, kwa hiyo nunua au azima ya mita 40. Sasa fikiria kiwanja cha mjini cha mita 20 kwa 20. Hapo ndipo watu hufupisha kamba na kusema dereva ataongeza mwendo. Lori la zamani kwenye gia nzito halikimbii, na mti wa mita 15 ukishapita wima hufika chini kwa sekunde chache.

Dawa ya nafasi ni kapi. Fungeni kapi imara kwenye kitako cha mti mwingine ulio hai upande mti unakoangukia, nje ya urefu wake, kamba ipite hapo na kugeuka, lori livute kwa pembeni. Dereva anakuwa nje kabisa ya mstari na anauona mti kupitia dirishani. Kumbukeni tu kwamba kamba ikigeuka kwa pembe mraba, mti uliobeba kapi unavutwa kwa nguvu karibu mara moja na nusu ya ile ya kamba. Kapi la kisimani halifai.

Shida ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi: mrusho. Klachi iliyochakaa haishiki taratibu. Inateleza, inateleza, kisha inashika yote kwa mara moja. Mrusho huo ukifika juu unavunja kilele kikavu au unakata bawaba kabla ya wakati. Ukifika wakati fundi bado yuko kwenye shina na mkato wa nyuma haujakamilika, shina linaweza kupasuka kwa wima, na kipande cha nyuma kikaruka juu kwenye kifua chake. Kwa sababu hiyo, kamba ikazwe kidogo tu fundi akiwa kazini, kiasi cha kuondoa ulegevu. Mvuto wenyewe uanze akishatoka.

Kamba nayo. Nailoni hunyumbuka sana, na mnyumbuko huo ni nguvu iliyowekwa akiba; ikikatika inarudi na kila kilichofungwa mwishoni mwake. Poliesta hunyumbuka kidogo, ni bora hapa. Katani nzuri ya Tanga haina ubaya ikiwa mpya na kavu, lakini ya zamani fungua misokoto yake uone ndani: ukikuta vumbi, isitumike hata kufungia mbuzi. Ukitumia waya wa chuma, laza gunia lenye mchanga juu yake katikati, ukatike usikatike. Watu wasiruke kamba iliyokaza, wala wasisimame ndani ya kona ya kapi. Na kwenye lori, fungeni kwenye ndoano ya chasisi. Bampa ya lori la zamani mara nyingi imeshikwa na kutu na rangi tu.

Shida ya tatu ni kusikilizana. Chenso inanguruma, injini inanguruma, na kuna shangazi, watoto na majirani watano wanaopiga kelele za ushauri. Achaguliwe mtu mmoja wa kutoa ishara kwa mikono, dereva amtazame yeye peke yake. Utingo asiongeze neno.

Lori likiegeshwa, winchi ikavuta

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mti mkavu unaoegemea nyumba. Lori linapangwa kwenye mstari, pua au mkia wake ukielekea mti, liwe zaidi ya mita 30 nje. Gia imeingizwa, breki ya mkono imekazwa, tairi zote zimezuiwa kwa mawe makubwa au magogo, na ikiwezekana bodi imejazwa mchanga au kokoto. Kisha winchi ya mkono, ile ya wenzo ambayo waya unapita katikati yake kama zile za Tirfor, inafungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na kamba inayotoka kwenye mti. Lori limekuwa nanga.

Tazama kazi inavyokwenda. Mdomo umekatwa, kamba haina ulegevu. Fundi anakata nyuma hadi bawaba ibaki nene kuliko kawaida kidogo, anazima chenso, anatoka kwa njia aliyoifyeka mapema, kwa mshazari nyuma ya upande mti unakoangukia. Anasimama mbali na kutazama kilele dhidi ya mawingu.

"Kaza, mzee."

Mzee kwenye winchi anasukuma wenzo, anaurudisha. Waya unaingia sentimita chache. Kilele kinasogea upana wa kiganja.

"Mbili tena. Basi, acha hapo."

Winchi inasimama, na mti unasimama nayo. Hakuna klachi ya kushikilia, hakuna mguu unaotetemeka juu ya breki. Watu wanaweza kutazama kama kitako kinapasuka, kama mizizi inainuka, kama panda ya tawi inashika. Kisha wanaendelea. Kwa mti mkavu, nafasi hiyo ya kusimama na kutazama naithamini kuliko kilo zote za lori.

Winchi nzuri pia ina pini zinazokatika mzigo ukizidi, wenzo ukabaki mtupu huku waya bado umeshikwa. Zile za ukubwa wa kawaida zimepimwa kwa kilo 1,600, mara tano ya hesabu yetu. Kwa hiyo pini ikikatika, msibadilishe pini kwa msumari na kuendelea. Kuna kitu kimeshika mti, au mmefunga chini mno, au bawaba ni nene mno. Tafuteni ni kipi.

Hasara zake: ni ya polepole, na waya wake mara nyingi ni wa mita 20 tu, hivyo kamba ndefu bado inahitajika. Winchi yenyewe si kila mtaa una yake. Waulizeni mafundi wa magari wanaovuta yaliyokwama, au wanaosimamisha nguzo. Na mti ukishapita wima winchi haiufuati tena, inauacha uende. Kwa mti uliokuwa umeinama nyuma, ukifika hapo kazi ngumu imekwisha. Kwa mti uliosimama wima kabisa na ardhi wazi, lori linalovuta lina ubora wake, nimeshasema.

Faida moja ya kuliegesha haisemwi mara kwa mara: lori halihitaji kuwaka. Hata lile lililokaa uani miaka mingi likisubiri pampu ya dizeli linaweza kuvutwa hadi mahali pake na kufanya kazi hii, mradi chasisi ni nzima. Halafu liko pale unapotaka nanga iwe. Mti hai wa kufungia winchi mara chache huota kwenye mstari unaouhitaji.

Mvua ikiwa imenyesha, njia zote mbili zinadhoofika. Tairi huteleza, nanga husogea, na mizizi iliyooza hutoka ardhini bila kungoja mkato. Subirini ardhi ikauke. Fanyeni asubuhi, upepo ukiwa bado umelala.

Mpandaji na vipande

Pasipo na mita 15 wazi upande wowote, mti hauwezi kuangushwa mzima, na hapo lori na winchi havina kazi. Unabaki na kuukata kutoka juu kushuka.

Kwa mti uliokufa karibuni, gome bado limeshika, matawi madogo bado yapo na shina linalia vizuri likigongwa, mpandaji mwenye mkanda na kamba mbili anaweza kuukata. Kwa mti uliokufa misimu kadhaa, gome limebanduka na kitako kina uyoga, nasema asipande mtu, hata kama yupo kijana aliye tayari kwa bei ndogo. Kila kipande anachoangusha kinautikisa mti uleule alioufungia mkanda wake. Hapo tafuteni lori la kreni lenye kikapu, mlipe zaidi, au apande mti hai ulio jirani na kufanya kazi akiwa ameshikwa na huo.

Minazi iliyouawa na ugonjwa wa kunyong'onyea ni habari nyingine. Haina matawi ya kukudondokea, lakini shina lake ni gumu nje na laini ndani, halina bawaba ya kuaminika hata likiwa bichi, na likishapoteza kichwa huanza kuoza kuanzia juu, palepale unapotaka kufunga kamba. Mkwezi hodari wa nazi atakuambia mwenyewe kwamba mnazi mfu haukwei.

Nyaya za umeme zikiwa ndani ya urefu wa mti, hakuna la kulinganisha. Tanzania ni TANESCO, Kenya ni Kenya Power. Waje wazime au wakate wao. Na kabla ya njia yoyote, pita ofisi ya kijiji au mtaa, au kwa chifu kule Kenya, uulize kuhusu kibali. Jirani ambaye uzio wake uko ndani ya mita 30 aambiwe siku na saa.

Gharama, kwa ufupi

Lori la jirani linaonekana bure, lakini utalipa mafuta, utingo, na kamba ya mita 40 ambayo watu wengi hawana. Winchi ya kukodi hugharimu zaidi kidogo kwa siku, na siku moja huangusha miti kadhaa, hivyo kusanyeni miti ya majirani mfanye pamoja. Mpandaji hulipwa kwa mti. Kreni ni ghali kuliko zote. Mkaratusi na mgrivea mkavu ni kuni nzuri, na mafundi wengi hukubali kuchukua sehemu ya kuni kama malipo. Mkubaliane kabla chenso haijawaka.

Kazi ambayo lori la zamani linaifanya vizuri kuliko chochote ni ya baada ya hapo: kuburuta magogo, na kuondoa mti uliokwama kwenye mti mwingine. Mti ukining'inia, mtu asiukate ule ulioegemewa wala asipite chini yake. Fungeni kamba kwenye kitako, lori liwe mbali, livute kitako kurudi nyuma, mbali na ule uliobeba, hadi kilele kiteleze chini. Hapo mrusho kidogo hauna ubaya, na hakuna bawaba ya kuilinda.

Ukimwita fundi, kabla ya bei muulize maswali mawili: kamba utaifunga mita ngapi juu, na bawaba ikikatika mapema mti utakwenda wapi. Anayejua miti mikavu atanyamaza kidogo, atazunguka shina, atatazama juu, ndipo ajibu. Akikuambia kwamba bawaba yake haijawahi kukatika, mshukuru na utafute mwingine.